Tanga hadi Mombasa bila feri, na maswali mengine ya madaraja

Napeleka machungwa ya Muheza Mombasa kwa fuso. Nasikia Likoni haina ulazima tena. Njia ni ipi? (Dereva, Kange)

Feri ipo na inafanya kazi, ila unaweza kuikwepa. Ukishavuka Horohoro na Lunga Lunga, nyoosha hadi upite Ukunda. Kabla ya kufika Likoni, pale Kibundani, kata kushoto ushike barabara ya Dongo Kundu. Ni kilomita 17 hivi, na utapita juu ya madaraja ya Mteza (mita 1,440) na Mwache (mita 660). Itakutoa Miritini, barabara kuu ya Nairobi. Kama mzigo unashuka kisiwani, fuata upande wa Changamwe uingilie daraja la Makupa. Bima ya kadi ya njano (ya gari linalovuka mpaka) ikate kabla hujafika mpakani.

Makupa si lilikuwepo toka zamani? (Ngamiani)

Lililokuwepo ni tuta. Mawe na udongo vilimwagwa katikati ya mkono wa bahari, maji ya Tudor na ya Port Reitz yakakosa kukutana, matope yakajaa pande zote mbili. Mwaka 2022 magari yakahamia juu ya madaraja. Tuta ni rahisi kulijenga. Gharama yake huja baadaye, na mara nyingi wanaoilipa ni wavuvi.

Na sisi Toten tujengewe lini? (Chumbageni)

Kisiwa cha magofu, hakina wakazi. Boti inatosha.

Daraja jipya, lami mpya, mbona gari linadunda ukiingia na ukitoka? (Makorora)

Daraja limesimama kwenye nguzo zilizoshuka hadi penye udongo mgumu. Barabara inayoliegemea imekaa juu ya kifusi, na chini ya kifusi pwani mara nyingi kuna tope la mikoko, ambalo huendelea kukamuka maji miaka kadhaa. Daraja halishuki, tuta linashuka, ngazi inatokea. Kinga yake ni kushindilia kifusi kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20 (mkandarasi mwenye haraka humwaga nusu mita kwa mkupuo) na kuweka bamba la zege la mita kadhaa, ncha moja juu ya daraja, nyingine juu ya tuta.

Ule mlio wa "ta-ta" ni kitu kingine: ni viungo vya kutanukia, yaani mapengo yanayoachwa ili zege lipate nafasi ya kurefuka. Zege la mita 100 hurefuka kama milimita 1 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Daraja la mita 500 likipata nyuzi 15 zaidi mchana, ni milimita 75. Mchanga ukiziba pengo hilo, kingo za zege hubanduka. Kwa hiyo ukiona vibarua wanafagia darajani, wanafanya kazi ya maana kuliko kupaka rangi kingo.

Nguzo za nyumba yangu Raskazone zimepasuka, nondo zinaonekana. Madaraja yanawezaje baharini? (Raskazone)

Kwa unene wa zege linalofunika nondo. Penye mawimbi huwa milimita 50 hadi 75. Fundi wa mtaani huacha 20, au nondo inagusa ubao kabisa. Chumvi ikishafika kwenye chuma, kutu huvimba na kupasua zege kwa ndani. Kupiga plasta juu yake ni kuficha ugonjwa: gonga zege lililolegea hadi nyuma ya nondo, sugua kutu yote, ndipo uzibe. Ukijenga upya, weka vipande vya zege vya milimita 50 kati ya nondo na ubao. Mchanga wa ufukweni usiutumie, na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba.