Jibu: Filamu ya Basquiat kwa vijana wa Kondele

Ndugu, umeuliza kama filamu ya Basquiat, ile ya maisha ya mchoraji Mmarekani Jean-Michel Basquiat aliyeanzia kwenye kuta za mitaani, inafaa kwa wale vijana wanaochora matatu hapo Kondele, Kisumu, na kama yaliyomo ni ya kweli. Waonyeshe, ila keti nao.

Ilitoka 1996, mwongozaji ni Julian Schnabel, naye ni mchoraji aliyemfahamu Basquiat. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo kasoro yake. Utamwona mchoraji mmoja aitwaye Milo, mwenye hekima na roho safi. Huyo ni Schnabel kajitia humo kwa jina la kubuni (nilicheka). Tena picha utakazoona si za Basquiat: wasimamizi wa mali yake walikataa kutoa ruhusa, ikabidi zichorwe za kuigiza. Lakini Jeffrey Wright, anayemwigiza Basquiat, aisee, kamvaa yule mtu mpaka mabega.

Mambo ya ukutani yamepitiwa mbio mno. SAMO, maandishi aliyoyaanza na rafikiye Al Diaz mitaani New York, ndiyo ambayo vijana wetu wangeyafurahia zaidi. Kwa hiyo tafuta pia filamu nyingine, Downtown 81. Humo Basquiat anaigiza mwenyewe, ingawa sauti ni ya mtu mwingine kwa kuwa ile ya asili ilipotea.

Katika filamu ya Schnabel heroini imo, nayo ndiyo iliyomuua Basquiat 1988 akiwa na miaka 27. Pia jiandae kwa swali la pesa. Hapa Nakuru niliwaambia vijana wawili kwamba picha yake moja iliuzwa dola milioni 110.5 mwaka 2017, mmoja akaniuliza, "Na mwenyewe alikuwa ameiuza ngapi?"