Ile "kweli kabisa" niliyompa dada yangu

Kuna neno la Kiingereza cha zamani, "sooth", maana yake ukweli. Siku hizi peke yake halisikiki tena ila limejificha ndani ya maneno mengine, na mimi nilikutana nalo nikiwa nafundisha tuisheni, tunasoma Julius Caesar ya Shakespeare, ile Mwalimu Nyerere aliitafsiri miaka ya 60. Mwanafunzi akauliza, yule anayemwonya Kaisari kuhusu tarehe 15 Machi mbona anaitwa "soothsayer"? Nikajibu fastafasta, ni mpiga ramli, tukaendelea. Jioni roho ikanisuta nikafungua kamusi. Kumbe neno kwa neno ni msema kweli! Kabla hajawa mtabiri alikuwa msema kweli tu, yule tunayemwita mpenzi wa Mungu.

Nikazidi kuchimba. Mzizi wa "sooth" ni uleule wa kitenzi cha kuwa, yaani kilichopo, jambo kama lilivyo. Kisanskriti kina "satya", ndugu yake wa mbali, na Wahindi wameiweka kwenye nembo ya taifa lao, "Satyameva Jayate", ukweli ndio hushinda. Kwahiyo kusema kweli ni kusema ilivyo, siyo unavyotamani iwe.

Sasa hapa ndo paliponishika. Kwenye "sooth" kikatoka kitenzi "soothe", na mwanzo kilimaanisha kuthibitisha kwamba jambo ni kweli, halafu kufika karne ya 16 kikawa kumuitikia mtu ndiyo ndiyo ili afurahi hata kama unaona kabisa anapotea, na karne ya 17 ikielekea kuisha kikawa kutuliza, kubembeleza, kama unavyombembeleza mtoto anayelia. Ndiyo maana ya leo. Neno la ukweli limehama hivyo, na njia liliyopita ni ile "kweli kabisa" ya kumridhisha mtu.

Nami nimeipita njia hiyo. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alitaka kuchukua mkopo wa marejesho ya kila wiki anunue friji auze juisi. Akaniletea kaunta buku lake, hesabu kaziandika kwa penseli, nzuri, mistari imenyooka. Matunda yapo, sukari ipo, vikombe vipo. Umeme haupo. Friji inawaka mchana na usiku na hakuna hata senti ya LUKU kwenye ile kurasa, na niliona, naapa niliona, lakini nilimtazama usoni jinsi alivyokuwa na furaha nikasema "hapo sawa kabisa dada, usiwe na wasiwasi". Mwezi wa tano friji ikachukuliwa na wenye mkopo. Hajawahi kunilaumu na hiyo ndo inaniuma zaidi.

Ushauri wangu, mtu akikuletea jambo lake usikimbilie kumtuliza. Soma kwanza ilivyo. Ukiona pengo wekea kidole palepale, "hapa umesahau umeme", usimwambie biashara yako mbovu maana hilo siyo unaloliona kwenye karatasi, unachokiona ni mstari mmoja umekosekana. Na ukishasema usiondoke! Wengi tunasema ukweli halafu tunainuka, tunamwachia mtu maumivu peke yake. Kaa hapo mpige hesabu upya, kama chai ipo mnywe. Kutuliza siyo dhambi jamani, ila kuje nyuma ya kweli, kusikae mahali pake.

Na kama umeshadanganya kwa huruma kama mimi, rudi ukaseme. Mimi nilirudi baada ya miezi mingi, nikamwambia dada siku ile niliona. Alinyamaza muda mrefu sana. Wiki iliyopita kaja tena na lile kaunta buku, anataka kuanza na deli la barafu badala ya friji, akalifungua mezani akanipa penseli mkononi, "haya, onyesha nilichosahau".