Bendera ya Zanzibar: ipi ishonwe, na ile nyekundu ilimaanisha nini?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Nimepewa kazi ya kushona bendera ya Zanzibar kwa ajili ya shule. Mtandaoni nimekuta yenye ukanda mweupe pembeni, na nyingine yenye bendera ya Muungano kwenye kona. Ipi sahihi? Halafu mteja anasema ile nyekundu ya zamani ilikuwa damu ya watumwa. Ni kweli?

JIBU: Ndugu fundi, shona hiyo ya pili. Buluu juu, nyeusi kati, kijani chini, na ya Muungano kona ya juu upande wa mlingoti. Ndiyo inayotumika tangu 9 Januari 2005. Yenye ukanda mweupe ni ya baada ya Mapinduzi ya 1964, na haikufika mbali: Aprili mwaka huohuo Muungano ukaja.

Kwenye kona kuwa makini. Mkanda mweusi unaanzia chini, mlingotini, na kupanda, kijani kikiwa juu yake. Ukiigeuza bendera, mkanda unaonekana kupanda kuelekea kushoto, na hapo ndipo mafundi wengi "husahihisha" kisicho na kosa. Pima kwa mlingoti, achana na kushoto na kulia.

Sasa hiyo damu, ambayo naisikia kila Januari mpaka nimechoka. Nyekundu tupu ilikuwa bendera ya masultani wa Kibusaidi, na asili yake Oman. Muscat waliendelea nayo hadi 1970. Ukoo huo ulitajirika kwa biashara ya watumwa na mashamba ya karafuu. Mtawala gani atapandisha juu ya kasri lake kumbukumbu ya damu ya watu anaowauza? Hata kwenye uhuru wa Desemba 1963 waliongeza tu duara la kijani lenye karafuu mbili. Nyekundu ya ukoo ikabaki palepale.

Buluu, nyeusi na kijani zilitoka kwa chama cha Afro-Shirazi: bahari, watu, ardhi. Buluu hiyo ndiyo iliyoongezwa kwenye rangi za Tanganyika kupata bendera ya Muungano.

Lakini wale wa video za dakika moja wana jedwali lao: nyekundu damu, nyeusi msiba, kijani amani, iwe bendera ya nchi au ya klabu ya mpira. Hawaulizi nani aliipandisha wala mwaka gani. Mteja wako akishikilia la damu, mwombe akuonyeshe lilikoandikwa. Wewe endelea kukata kitambaa.