Kuhamisha akwariamu ya maji ya chumvi Lubumbashi: linda mawe kwanza

Ukifuga samaki wa bahari Lubumbashi, wageni wakiingia sebuleni swali lao la kwanza ni lile lile: "Papa, hii maji ya munyu unaitoshaka wapi?" Wana haki ya kuuliza. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na chumvi ya akwariamu hutufikia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bei yake ikiwa imepanda kila mpaka uliovukwa. Ndiyo maana mtu akihama nyumba, akili yake yote huganda kwenye maji. Anaazima bidoni mtaa mzima asipoteze hata tone, halafu mawe anayarundika nyuma ya pikapu juani na kuyafunika gunia. Baada ya siku tatu nne samaki wanaanza kufa, naye analaumu mashimo ya barabarani.

Nimehamisha akwariamu yangu ndani ya mji huu, na nimewasaidia ndugu na marafiki kuhamisha zao. Ushauri wangu unaanzia hapo hapo: maji yananunulika, mawe hayanunuliki kwa urahisi. Samaki wanakojoa, chakula kilichobaki kinaoza, na vyote viwili vinazaa amonia. Bakteria ndio wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wamejishika kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji ya filta. Badilisha nusu ya maji, au hata zaidi, na mradi kiasi cha chumvi na joto vinalingana, samaki hawatasumbuka sana. Lakini jiwe likikauka, viumbe vilivyomo vinakufa na kuoza, na jiwe lenyewe linageuka kuwa chanzo cha amonia.

Waliotoka kwenye samaki wa maji baridi hapa hudanganyika. Wamezoea kuona samaki wao wakivumilia amonia kidogo. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya karibu 8.2, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa ya ile aina yenye sumu kali kuliko kwenye maji ya pH 7. Kipimo kinaweza kusoma namba ile ile, madhara yakawa mengine kabisa.

Tuje kwenye nyumba mpya, kwa sababu kazi inaanzia huko, wiki nzima kabla ya kugusa kitu kwenye nyumba ya zamani. Habari za umeme usimuulize mwenye nyumba, yeye anataka kupangisha. Muulize jirani. Mimi nilimuuliza mama mmoja anayeuza makaa mlangoni pa parsele, akanijibu bila kufikiri: "Unaendaka mangaribi, unarudiaka usiku." Jibu hilo lilinitosha kupanga kila kitu. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza kuwamaliza samaki si baridi, ni kukosa hewa: pampu zinasimama, uso wa maji unatulia, oksijeni inashuka. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla ya siku ya kuhama, si baada. Itakufaa pia njiani, ndani ya ndoo ya samaki.

Halafu sakafu. Akwariamu yangu ina urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, yaani lita 240. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 240, ongeza vioo, mawe, mchanga na meza. Weka pimamaji juu ya meza kwa urefu na kwa upana kabla ya kuingiza chochote. Karo, yaani vigae vya sakafu, za nyumba zetu nyingi zimelazwa kwa kuinamia mlangoni ili maji ya kupiga deki yatoke, na mteremko huo mdogo unatosha kubana kona moja ya kioo hadi silikoni iachie. Chomeka vipande chini ya meza, usichomeke chini ya kioo.

Maji mapya yachanganywe siku moja kabla, kwenye nyumba mpya. Chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 hadi 38 kwa lita, kufuatana na maelezo ya mfuko, mpaka kipimo cha uzito wa maji ya chumvi kisome 1.025 kwenye nyuzi 25 au 26. Acha pampu na hita zifanye kazi usiku kucha. Chumvi ya jikoni haifai hata kwa dharura: haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha, na matumbawe yanaishi kwa hivyo.

Sasa jambo ambalo ni letu hasa watu wa Katanga: shaba. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, na kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima liliitwa Shaba. Kwa matumbawe, kamba na konokono wa bahari, hii ni sumu hata kwa kiasi ambacho samaki hawakihisi. Kwa hiyo usichote maji yaliyolala usiku kucha kwenye bomba za shaba za nyumba kuukuu. Tumia maji ya osmozi, yaani yaliyosafishwa kwa kupitishwa kwenye utando mwembamba sana. Usitumie yale mapipa ya buluu yanayouzwa mitaani, maana huwezi kujua yalibeba asidi gani kutoka kiwanda gani. Ndoo mpya zenye vifuniko, zile za chakula, bei yake si kubwa. Na ukiambiwa dawa fulani ya samaki ni nzuri, soma kama ina shaba, kwa sababu mawe huinyonya na kuitoa taratibu baadaye.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikuja kutupongeza kwa nyumba mpya na zawadi ya kobe wa jiwe la malakiti, kijani chenye mistari ya giza, amechongwa hadi kucha. Akawa tayari amekunja mkono wa shati: "Niweke humu, atapendeza na samaki." Malakiti ni kaboneti ya shaba. Nilimpokea kwa mikono miwili na kumshukuru sana. Kobe yuko juu ya televisheni hadi leo.

Siku yenyewe, chagua Jumapili alfajiri, barabara zikiwa tupu na watu bado hawajatoka kwenda misa. Samaki wasipewe chakula tangu siku iliyotangulia, ili wasichafue maji ya safari. Zima hita kwanza na uiache ipoe ndani ya maji robo saa, kwa sababu ikitoka hewani ingali na moto, kioo chake hupasuka. Kisha nyonya maji safi ya juu kwa mpira, jaza ndoo, kabla hujachafua kitu. Baada ya hapo toa matumbawe, kisha mawe, kila moja ndani ya ndoo yenye maji ya kulifunika. Anemoni, yule kiumbe laini wa bahari anayejishika kwenye jiwe, usimbandue. Mguu wake ukichanika anaweza kuoza na kuua wenzake, kwa hiyo mbebe na jiwe lake.

Samaki wawe wa mwisho. Watu huanza na samaki kwa huruma, wanawakimbiza na wavu katikati ya mawe nusu saa nzima, na samaki anapoingia kwenye sashe, yaani mfuko wa plastiki, ameshachoka kabisa. Mawe yakishatoka na maji yakibaki kimo cha kiganja, hana pa kujificha. Msukume polepole kwa wavu aingie kwenye chombo, usimwinue hewani. Samaki klauni wangu wawili waliingia wenyewe kwenye bakuli la plastiki, mmoja akimfuata mwenzake. Kangaja ni habari nyingine: ana kisu pande zote mbili za mkia, na sashe ataipasua. Yeye apewe ndoo yake. Wengine, sashe mbili mbili, moja ndani ya nyingine, theluthi moja maji na iliyobaki hewa, kila samaki na yake, zilazwe ndani ya sanduku la frigoliti, lile povu jeupe jepesi linalotunza joto. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni za baridi kali, na lita moja ya maji hupoa upesi mno ndani ya gari.

Filta ya mkebe ifungue. Ikikaa imefungwa bila maji kupita, bakteria wanamaliza oksijeni ndani ya saa chache na kufa, na ukiiwasha kwenye nyumba mpya inakumwagia maji meusi yenye kunuka. Toa sponji, iweke kwenye ndoo ya maji ya akwariamu, basi.

Mchanga ndio unaogombanisha wafugaji. Mchanga wa zamani wenye kina una tabaka la chini jeusi, na ukilivuruga hutoa gesi inayonuka kama yai viza, salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Mimi sipatani na wanaosema uubebe ulivyo ndani ya kioo. Kwanza, uzito huo kwenye barabara za kwetu unaweza kukipasua kioo cha chini. Chota vikombe kadhaa vya tabaka la juu uhifadhi, mwingine uoshe kwa maji ya chumvi mpaka maji yawe meupe, au nunua mpya. Na akwariamu isibebwe na tone la maji ndani, hata vijana wa kubeba wakikuapia kuwa wana nguvu.

Ukifika, panga kwa kinyume: mchanga, mawe, maji ya zamani, maji mapya, pampu, hita. Subiri joto lifike na vumbi litulie. Sashe za samaki ziache zielee juu ya maji robo saa hivi, kisha waingie, taa zikiwa zimezimwa. Matumbawe yapunguziwe mwanga siku chache za kwanza.

Kwa wiki moja pima amonia kila siku. Ikionekana, badilisha maji siku hiyo hiyo, kwa hiyo weka ndoo mbili za maji ya chumvi tayari pembeni. Chakula, kidogo sana. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haikupanda hewani na maji. Na samaki mpya usinunue mpaka amonia na nitriti zisome sifuri kwa majuma kadhaa mfululizo, hata kama muuzaji anakupigia simu kwamba wamebaki wawili tu na gari lingine linatoka Dar es Salaam mwezi ujao.