Maswali ya Wasomaji: Maji na jeli vya nini kwenye altrasaundi?

SWALI: Nina mimba changa. Kliniki waliniambia ninywe lita moja ya maji na nisiende msalani, kisha wakanipaka jeli ya baridi tumboni. Vyote hivyo vya nini? Na mionzi yake haitamdhuru mtoto?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ondoa hofu, dada. Altrasaundi haina mionzi kama ya eksirei. Ni sauti. Sikio letu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. Proubu ya tumbo, yaani kile kifaa ambacho mpimaji hukipitisha juu ya ngozi, hutoa milioni 2 hadi 5. Sauti hiyo huweza kupasha mwili joto kidogo, ndiyo maana mpimaji makini hatumii nguvu wala muda kupita haja, hasa mimba ikiwa changa.

Maji na jeli vina adui mmoja: hewa. Ndani ya nyama za mwili sauti huenda mita 1,540 kwa sekunde, na mashine hupima kina kwa kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Ikikutana na hewa, zaidi ya asilimia 99 ya sauti hiyo hurudi palepale, na ng'ambo yake hakuonekani kitu. Jeli hujaza nafasi kati ya proubu na ngozi. Ikikauka, upande mmoja wa picha huingia giza. Hapo dawa ni kupaka nyingine, si kukukandamiza tumbo.

Kizazi kikiwa bado kidogo hukaa chini nyuma ya mfupa wa kinena, na matumbo yenye gesi hukilalia. Kibofu kilichojaa huyasukuma matumbo kando, na mkojo hupitisha sauti bila kuipunguza sana. Kunywa gilasi tatu au nne saa moja kabla. Soda haifai. Usizidishe pia, maana kibofu kilichofura hukibana kizazi na kukibadilisha umbo. Mimba ikishakua, kwa kawaida hutahitaji kujaza kibofu.

Altrasaundi ya mfuko wa nyongo ina masharti mengine kabisa: kaa saa 6 hadi 8 bila kula. Ukila mahamri na chai ya maziwa asubuhi hiyo, mfuko wa nyongo hunywea, na mawe madogo hupotea ndani ya mikunjo yake. Mfuko ukiwa umejaa, jiwe hung'aa na kuacha kivuli cheusi nyuma yake, na kwa kivuli hicho mpimaji hulitambua.