Stonewall iko New York

Ndugu yangu, umesema Stonewall iko San Francisco. Hapana: Stonewall ni baa ya wapenzi wa jinsia moja ya New York, Marekani, na Miss Major Griffin-Gracy, mwanaharakati aliyebadili jinsia, mzaliwa wa Chicago, alikuwamo polisi walipoivamia Juni 1969. San Francisco inaingia miaka mingi baadaye, alipoongoza shirika linalowatetea watu waliobadili jinsia walioko magerezani, kazi aliyoielewa vizuri kwa kuwa naye aliwahi kufungwa, akaiacha 2015 akiwa mtu mzima sana. Hayo niliyasikia katika mahojiano yake, usiku mmoja wa umeme kukatika hapa Mikindani, simu ikiwa imebakiwa na chaji asilimia nne. Mwaka wake wa kuzaliwa tu usiushikilie sana, maana wengine huandika 1940 na wengine 1946.