Sanduku la Wasomaji: Mtihani wa SAT kwa Mtoto Aliyezoea KCSE

SWALI: Mwalimu mshauri, hujambo. Mimi ni mzazi wa hapa Kondele, Kisumu. Binti yangu alifanya KCSE mwaka uliopita, akapata gredi nzuri, na sasa anataka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Ameambiwa kwamba lazima afanye mtihani uitwao SAT. Kuna wakala mjini anayetutoza fedha nyingi kwa masomo ya miezi mitatu, akishikilia kwamba bila yeye mtoto hawezi kupita. Tufanyeje?

JIBU: Mama, nianze na neno hilo la kupita, kwa sababu ndilo linalowatisha wazazi hadi wakauza ng'ombe. Katika SAT hakuna kupita wala kuanguka. Mtahiniwa hupewa alama kati ya 400 na 1600, ambapo kusoma na kuandika Kiingereza kuna alama 200 hadi 800, na hisabati vivyo hivyo, kisha kila chuo huamua chenyewe kitazipa alama hizo uzito gani. Tena si kila chuo kinazidai. Kuanzia mwaka wa 2020 vyuo vingi viliufanya mtihani huu kuwa wa hiari, na Chuo Kikuu cha California, pamoja na matawi yake yote, hakizitazami alama hizo kinapochagua wanafunzi. Kwa upande mwingine, MIT ilirudisha sharti hilo mwaka wa 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown zikatangaza kulirudisha mwaka wa 2024. Kwa hiyo, kabla shilingi haijatoka mfukoni, binti yako na aandike orodha ya vyuo anavyovitaka na asome masharti ya kila kimoja.

Kuhusu wakala, nitasema wazi. Shirika la College Board, ambalo ndilo lenye mtihani huu, hutoa mitihani kamili ya mazoezi bila malipo ndani ya Bluebook, programu ile ile itakayotumika siku yenyewe, na masomo ya Khan Academy, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na shirika hilo, pia ni ya bure na husomeka hata kwenye simu. Mwalimu mzuri anaweza kumsaidia mtoto, hilo silikatai. Lakini anayekuuzia hofu kwanza na masomo baadaye, ningemwepuka. Fedha hizo ziwekee ada ya mtihani, ambayo hulipwa kwa dola na huongezwa kiasi kwa watahiniwa walio nje ya Marekani. Msamaha wa ada upo, ila umewekewa wanafunzi wa Marekani na raia wake, kwa hiyo usiuwekee matumaini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Nakuru, na hisabati ndiyo silaha yangu, shuleni sikukosa gredi ya A. Nilipojaribu mtihani wa mazoezi wa SAT nilipata alama 560 tu katika hisabati. Nimevunjika moyo. Je, masomo yetu ni duni?

JIBU: La, mwanangu, masomo yetu si duni, nawe hujapungukiwa na maarifa. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na nimewaona wengi kama wewe, hodari kabisa, waliokwazwa na mazoea waliyojengewa na mtihani mwingine.

Hebu fikiri. Karatasi moja ya hisabati ya KCSE hukupa saa mbili na nusu kujibu maswali 21, yaani 16 ya sehemu ya kwanza na matano unayochagua katika sehemu ya pili. Hizo ni takriban dakika saba kwa swali. Isitoshe, mtahini hufuata njia yako mstari kwa mstari, na hata ukikosea jibu la mwisho hukupa alama za njia. Katika SAT, hisabati ina sehemu mbili za dakika 35, kila moja ikiwa na maswali 22, ambayo ni kama dakika moja na nusu kwa swali, na hakuna macho ya kuitazama njia yako. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika kazi safi ajabu kwenye karatasi yake ya rafu, kila mlinganyo na mstari wake, naye akaacha maswali saba bila kuyagusa kwa kukosa muda.

Chukua mfano mdogo: ikiwa 3x + 6 = 21, thamani ya x + 2 ni ngapi? Mkono uliozoea KCSE utatafuta x, utapata 5, na mara nyingi utachagua 5 kwa sababu imo miongoni mwa majibu. Jicho lililozoea SAT litaona kwamba ukigawanya pande zote kwa 3 unapata 7 papo hapo. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha kwanza. Kinachopimwa ni kama umesoma kile ulichoulizwa.

Habari njema ni kwamba mengi yaliyokukosesha usingizi hayamo. Hutakutana na matriki, vekta, longitudo na latitudo, wala kalkulasi. Takriban asilimia 70 ya hisabati ya SAT ni aljebra, kuanzia milinganyo sahili hadi ya kwadrati na fankisheni, na iliyobaki ni takwimu, asilimia, jiometri na trigonometria kidogo. Kikokotoo kinachochora grafu kimo ndani ya programu kwa muda wote wa hisabati; jifunze kukitumia mpaka vidole vikizoee, kwa kuwa kwenye KCSE hukuwahi kuruhusiwa chombo cha aina hiyo.

Mambo mawili zaidi. Jibu baya halikatwi alama, kwa hivyo usiache swali tupu hata kama umebaki na sekunde kumi. Pia, sehemu ya pili ya kila somo hutegemea ulivyofanya ya kwanza: ukifanya vyema unapewa maswali magumu zaidi, yenye kukufungulia alama za juu. Ukiona yamekuwa magumu ghafla, usitishike.

Kwenye Kiingereza, usitarajie ufahamu mrefu kama ule wa KCSE. Utapata vifungu vifupi, vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja na swali lake, maswali 27 kwa dakika 32, mara mbili. Wanafunzi wetu hupoteza alama nyingi katika nukta mkato, koloni na viunganishi, mambo ambayo mwezi mmoja wa mazoezi hurekebisha.

Sasa anza daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, andika sababu: hukujua, hukusoma vizuri, au muda ulikuishia. Baada ya mitihani mitatu daftari hilo litakuonyesha pa kutia bidii kuliko mwalimu yeyote, mimi nikiwemo.

SWALI: Niko kidato cha nne Kakamega. Nifanye SAT mwaka huu pamoja na KCSE?

JIBU: Usifanye. KCSE ndiyo msingi wa maombi yako yote, ya hapa na ya ng'ambo, nayo haina kurudi nyuma kwa urahisi. Imalize Novemba, pumzika, kisha uandikishe SAT ya Machi, Mei au Juni, ili ubaki na nafasi ya kurudia Agosti au Oktoba kabla ya maombi ya vyuo vingi kufungwa mwanzoni mwa Januari.

SWALI: Sisi ni Waadventista wa Nyamira, na tumesikia mtihani hufanywa Jumamosi. Je, mtoto wetu amefungiwa mlango?

JIBU: Hajafungiwa. Wanaoitunza Sabato huweza kuomba kufanya Jumapili, ila ombi hilo hutolewa wakati wa kujisajili, kwa hiyo barua ya mchungaji iwe tayari mapema. Kituo huenda kikawa mbali na kwenu. Safirini siku iliyotangulia, kwani mtahiniwa hutakiwa kufika saa mbili kasorobo asubuhi. Abebe kitambulisho halisi chenye picha, na pasipoti hukubaliwa, jina likilingana herufi kwa herufi na lile la usajili. Abebe pia kipakatalishi au kishikwambi, kwa kuwa simu hairuhusiwi, kikiwa kimechajiwa kikamilifu. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani aendelee kujibu. Inahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma majibu tu.